Umeshazoea?

Kila aliyempigia simu alianza na swali hilohilo. Umeshazoea? Kaka yake aliuliza, shangazi yake aliuliza, hata jirani aliyekuwa amemnunia mwaka mzima kwa sababu ya kuku aliazima simu ya watu ili naye aulize. Mwanzoni Mama Kifurushi alijibu kwa kirefu: baridi, kitanda kifupi, watu wanaopishana ngazini bila salamu kana kwamba wamegombania urithi. Baadaye akaona anajichosha. Akawa anasema, "Nazoea," basi, kama mtu anayemeza kidonge.

Alikuwa amekuja ugenini kwa mkataba wa muda, kufua nguo katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwao alikuwa na stashahada ya afya ya mifugo. Mikono yake ilishageuza ndama tumboni mwa ng'ombe huku mvua ikimpiga mgongoni. Lakini huku stashahada ile ilikuwa karatasi ya kufunikia sufuria. Walipomuuliza anajua nini, alisema anajua wanyama. Wakampa mashuka. Asubuhi hadi alasiri alisimama mbele ya mashine zinazotikisika kama zina homa, akitenganisha yaliyolowa damu na yaliyolowa mkojo, akikunja, akipanga. Wenzake walimwita Dobi, naye hakukasirika. Jina la kazi si tusi.

Kilichomkera kilikuwa kingine. Kwao aliacha mtoto. Alizaliwa mnene, akafungwa blanketi hadi kidevuni, mkunga akamkabidhi mama yake akisema, haya, pokea kifurushi chako, na jina likaganda. Aliachwa kwa bibi yake angali anaita maji "maki", na siku ya safari alikuwa amelala. Mama mtu aliondoka kwa kunyata kama mwizi. Watu walisema ndiyo njia nzuri, mtoto asione. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Simu za moja kwa moja zilikatikakatika, kwa sababu kwa bibi mtandao ulikuwa wa kuvizia. Kwa hiyo alirekodi ujumbe wa sauti, mmoja kila jioni, na bibi akauweka mtoto asikie kabla ya kulala. Kila ujumbe ulianza kwa maneno yaleyale, kwa kuvuta, nusu kuimba: "Kifurushi cha mama, njoo kwa mama." Kisha habari za siku: mama amefua, mama amekula, mama amemwona mbwa aliyevaa koti. Kisha usingizi mwema.

Tatizo likawa mahali pa kusemea. Chumba alikaa na mwenzake, mhudumu wa wazee wa zamu ya usiku ambaye kila mtu alimwita Popo. Popo alilala mchana kutwa hadi saa ya kuingia kazini, kitambaa usoni, na usingizi wake ulikuwa wa kioo. Hata ukikunja karatasi aliamka kuuliza nani kafa. Jikoni walikuwa wanapikia watu wa ghorofa nzima, na hakuna ambaye sufuria yake haikupiga kelele. Ngazini sauti ilipanda hadi juu, na mzee wa juu aligonga sakafu kwa fimbo. Mama mwenye kusema na mwanawe akawa hana pa kusimama.

Pa kusimama alipapata kwa njia ya ndege. Ndege mdogo aligonga dirisha la chumba cha kufulia, akaanguka. Mtunza bustani alisema ng'ambo ya daraja kuna hospitali ya wanyama pori. Mama Kifurushi alimtia kwenye kasha la sabuni, akatembea naye baada ya kazi, na alipofika ndege alikuwa amekwisha kufa. Daktari wa pale, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na sauti ya kukwaruza, alifunua kasha, akafunika, akauliza kama ana jioni zake huru. Walikuwa na uhaba wa mikono. Malipo hakuna.

"Hapa hatupendi wanyama," Daktari alimwambia siku ya kwanza. "Tunawatibu. Ukitaka kupenda, kafuge paka."

Mama Kifurushi alimpenda hapohapo. Alichoka na watu wanaopaka maneno asali.

Wakampeleka banda la nyuma. Ndani mlikuwa na fisi maji, mtoto, aliyeokotwa kando ya barabara pembeni ya mama yake aliyegongwa. Macho yalikuwa yamefunguka juzi tu. Mkia kama kamba, manyoya kama brashi ya viatu, na sauti: mluzi mwembamba, mkali, wa kuita, unaopenya sikioni ukakaa humo. Mwanzo Daktari mwenyewe alimnyonyesha kwa chupa. Alipoanza kula samaki, jioni zikawa za Dobi.

Sheria zilielezwa mara moja, na Daktari hakuwa mtu wa kurudia. Unavaa joho la kijivu na wavu usoni. Samaki unamtumbukiza kwa bomba la ukutani, linaloangukia kwenye beseni la maji, mnyama asijue chakula kinatoka kwa nani. Humpi jina. Humgusi. Humsemeshi, hata kumkemea. Sababu pia walimwambia. Miaka ya nyuma walimlea mwingine kama huyu kwa mapenzi, wakamwachilia mtoni, naye akaanza kuwafuata watu. Alimfuata mvuvi hadi kwenye mashua akipiga mluzi, mvuvi akafikiri ana kichaa, akampiga kasia. Hakufa siku ile. Tangu hapo kanuni ikawa moja: anayewafuata watu haachwi mtoni, na nafasi ya kumfuga maisha haipo popote, walishauliza kote. Anachomwa sindano.

Neno walilotumia huku kwa mnyama anayewafuata watu lilikuwa na maana nyingi, lakini kichwani mwake Mama Kifurushi alilifasiri kwa moja tu: kuzoea. Akizoea, amekwisha.

Alipomsimulia mama yake kwenye simu, bibi alicheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo umeacha mtoto hapa ukaenda kunyonyesha fisi."

"Fisi maji, mama. Ni mnyama mwingine kabisa."

"Fisi ni fisi. Huyo kaoga tu."

Zilikuwa siku nzuri hizo, kwa kadiri siku za ugenini zinavyoweza kuwa nzuri. Alitoka kwenye mashuka, akavuka daraja, akavaa joho. Alikata samaki kwenye stoo, chumba kidogo cha mbao kilichoegemea banda, chenye jokofu, ndoo, na taa moja. Stoo ile ilikuwa kimya. Hakuna Popo, hakuna masufuria, hakuna fimbo ya mzee. Jioni ya pili tu aligundua kwamba amepata chumba cha kusemea. Akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu. "Kifurushi cha mama, njoo kwa mama."

Alipomaliza alifuta mikono, akavuta wavu usoni, akaenda kwenye bomba akatumbukiza samaki bila kutoa hata pumzi ya ziada. Bandani hakufungua mdomo kamwe. Alijivunia jambo hilo. Kulikuwa na kijana mwingine wa kujitolea ambaye alifukuzwa kwa kumpigia kunguru mluzi, na Mama Kifurushi alisema wazi kwamba alistahili.

Stoo ilikuwa na panya, au ndivyo alivyodhani. Kila akirekodi, alisikia kitu kinakwaruza nyuma ya mbao, kru, kru, kru, chini karibu na miguu yake. Mwanzo alipiga teke ukutani. Halafu akaacha, alishaishi na panya wa kila namna, wa huku hawakuwa na jipya. Hata bibi aliwasikia ndani ya ujumbe. Alimtumia jibu, huku akicheka, kwamba kumbe hata huko kwa wenye nacho kuna panya, basi rudi tu mwanangu, wa hapa angalau tunawafahamu.

Miezi ikaenda. Fisi maji akakua, akanenepa, akajifunza kukamata samaki hai kwenye bwawa la banda. Kifurushi naye akakua, akaacha "maki", akasema maji. Hayo alisimuliwa. Lakini habari za Kifurushi zilianza kupungua utamu. Bibi hakuwa mwongo, na si mtu wa kuficha jipu kwa kitambaa. Alisema mtoto siku hizi simu haitaki. Ukimpa mkononi anaiweka chini. Ukimwambia huyu mama, anakutazama kama unamdanganya. Simu yenyewe ilikaa juu ya kabati la vyombo, ndipo palipokuwa na waya wa kuchajia na ndipo mtandao uliposhika, na ujumbe ulisikilizwa kutoka hapohapo juu. Mtoto alikuwa akicheza zake sakafuni, bibi alisema, hata hageuki.

"Usijali," aliongeza. "Mtoto ni maji. Atarudi kwenye mkondo."

Mama Kifurushi alisema hajali. Akaendelea kurekodi kila jioni kwa sababu hakujua aache vipi. Alikuwa mama wa sauti tu, na sauti yenyewe ilikuwa ikimwagwa kwenye mchanga.

Ukafika wakati wa kumjaribu fisi maji. Daktari alipitisha watu mbele ya banda, mmoja mmoja: mtunza bustani, karani, mtu mwenye mbwa, Dobi mwenyewe na joho na bila joho. Wote walipita kimya, kama walivyoagizwa. Kila mtu alipotokea, mnyama alizama, akatoweka, likabaki povu. Daktari hakuwa mtu wa kutabasamu, lakini siku ile alimpiga Mama Kifurushi begani pigo moja kama la kumfukuzia nzi. Alisema ni mwitu wa kweli, mwitu safi. Mama Kifurushi alitembea kurudi chumbani akiwa amenyooka mgongo. Katika nchi hii alikuwa amefua maelfu ya mashuka, na yote yalirudi yamechafuka. Hiki kilikuwa kitu kimoja alichokifanya kikatimia.

Wakamwachilia asubuhi, mtoni, mbali na mji, penye matete. Walikuwa wawili tu. Daktari alifungua kasha. Fisi maji alitoa pua, akanusa, akateleza majini kama aliyesahau kitu upande wa pili. Waliona mstari wa maji ukikata katikati ya mto, kisha matete yakatikisika, kisha hapakuwa na kitu. Daktari alianza kukusanya vifaa. Mama Kifurushi alipanda ukingo hadi kwenye gari.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa bibi. Jioni iliyopita hapakuwa na ujumbe, kwa sababu ya matayarisho, na asubuhi hii mtandao ulikuwa umeshika ajabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu hapa nimemshika kwa nguvu. Sema naye upesi kabla hajanitoroka."

Angefanyaje? Mnyama alikwisha kwenda zake, kazi imekwisha, na mtoto yuko kwenye waya. Alisema maneno aliyokuwa nayo, kwa kuvuta, nusu kuimba. "Kifurushi cha mama, njoo kwa mama."

Mluzi ulimjibu kutoka mtoni.

Ulirudiwa, karibu zaidi. Matete yakapasuka. Fisi maji alitoka majini mbio mbio, mgongo ukipanda na kushuka, akapita miguuni kwa Daktari bila kumtazama, akapanda ukingo wote, akafika kwenye buti za Mama Kifurushi. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka viganja vyake vyenye maji kwenye goti lake, akaanza kukwaruza suruali. Kru, kru, kru.

Kwenye simu bibi alikuwa akiuliza kama anamsikia. Alimsikia. Alikata.

Daktari alikuja taratibu, akasimama mbali kidogo. Hakupandisha sauti.

"Ulikuwa unamsemesha?"

"Bandani sikufungua mdomo. Hata siku moja."

"Ulikuwa unaongea wapi?"

Mama Kifurushi alifungua mdomo kusema stoo, na kabla neno halijatoka alielewa yote, panya na mbao na ndoo iliyopinduliwa. Kila jioni sauti ile, na baada ya sauti, samaki. Mnyama hakuwa amemwona mtu. Wala hakuhitaji kumwona. Alikuwa amemzoea mama wa ukutani.

"Stoo," alisema. "Nilikuwa naongea na mwanangu."

"Mbao zile ni za makasha," Daktari alisema. "Hazizuii kitu."

Hakumwambia kuwa ni kosa lake. Angemwambia, ingekuwa afadhali.

Waliamua kumjaribu mtoni. Daktari alisema sauti ni moja, na mwenye sauti ataondoka. Pengine mnyama akikaa bila kuisikia, njaa na mto vitamfundisha. Walimfukuza kwa mateke ya maji, wakaingia garini, wakaondoka. Mama Kifurushi hakugeuka nyuma. Kuondoka kwa kunyata alikuwa na uzoefu nako.

Siku zilizofuata alifua kama mtu anayelipiza kisasi. Hakurekodi ujumbe. Stooni asingeweza kurudi, na hata mahali pengine popote, kila alipofikia yale maneno ya kwanza alizima simu. Alijiambia mtoto hasikilizi hata hivyo. Popo, ambaye kwa kawaida hakujua la mtu, alitoa kitambaa usoni jioni moja akamuuliza mbona siku hizi chumba kina kimya cha msibani. Alisema amechoka. Popo akasema kuchoka ndiko kuzoea, akarudisha kitambaa.

Akasubiri habari za mto. Kila siku isiyo na habari aliihesabu kuwa upande wake.

Kisha habari zikaja. Mwanamke mmoja alikuwa akitembea ukingoni na mwanawe, akimwita asikimbie, njoo huku, njoo kwa mama, kwa lugha yake, kwa namna mama yeyote anavyoita. Fisi maji alitoka kwenye matete akawaendea. Walifurahi. Mtoto akampa mkate kwa vidole. Mnyama hakuwahi kulishwa kwa vidole, hakujua mkate unaishia wapi na kidole kinaanzia wapi, akauma vyote. Mshono ulikuwa mkubwa, na kidole hakikupona vizuri.

Daktari alitega mitego kwa samaki, mnyama akaipita pembeni. Werevu wote wa mwitu alikuwa nao. Alikosa mmoja tu. Alasiri moja Daktari alikuja mwenyewe hadi chumba cha kufulia, akasimama na buti zake kati ya mashine, watu wakamshangaa.

"Sitakulazimisha umwite," alisema. "Lakini wenye bunduki wameshaanza kumtafuta, na hao hawana shabaha."

Mama Kifurushi alikunja shuka lililokuwa mkononi, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mengine. Akauliza waende saa ngapi.

Walikwenda kesho yake alfajiri ikipambazuka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto kama povu la sabuni. Alisimama pale pale, karibu na matete, bila joho na bila wavu, kasha limefunguliwa pembeni yake. Alidhani sauti haitatoka. Ilitoka. Ilitoka nzuri, ya kuvuta, kama ya kila siku, na hilo ndilo alilojichukia nalo zaidi.

"Kifurushi cha mama, njoo kwa mama."

Hakuhitaji kurudia. Alikuja na mluzi wake, amekonda, sikio moja limechanika. Hakuingia kwenye kasha, alikuja miguuni. Mama Kifurushi alichuchumaa akamshika, mkono mmoja nyuma ya shingo, mmoja chini ya kifua, kama alivyofundishwa chuoni kumshika mnyama mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Alikuwa na joto kuliko alivyofikiri, na chini ya manyoya yaliyolowa kulikuwa na manyoya mengine, makavu kabisa, ambayo maji hayajawahi kuyafikia.

Daktari alisema amtie kasha, watamalizia hospitali. Mama Kifurushi alikataa. Alisema safari ya nini, atatishika bure. Amekuja kwangu, amalizie kwangu. Daktari akafikiri, akafungua mkoba.

Alimshika vizuri. Hilo ni lazima lisemwe. Alishawashikia watu mbwa wenye kichaa na mbuzi waliovunjika, na alijua kwamba mkono unaotetemeka ndio unaomtesa mnyama. Haukutetemeka. Mnyama alitoa mluzi mmoja sindano ilipoingia, akageuza kichwa kumtazama mdomo, si macho, mdomo, akingoja uendelee kusema. Basi akaendelea. Alimwambia mama amefua, mama amekula, mama amemwona mbwa aliyevaa koti. Alisema hadi mwili ukawa mzito kwa uzito ule asioweza kuukosea, na Daktari akaweka kidole, akatikisa kichwa.

Walipofika darajani Daktari alimwambia mlango wa hospitali uko wazi, akitaka kurudi. Alishukuru. Wote wawili walijua hatarudi.

Alikwenda kazini, kwa sababu mashuka hayafiwi. Mchana simu ilitetemeka. Alijibanza nyuma ya mashine kubwa, akapokea, akaamkia.

Bibi hakuuliza kama ameshazoea. Alikuwa na jambo, akalimwaga moja kwa moja. Alisema alikuwa amekosea kuhusu mtoto. Kumbe alikuwa akisikiliza. Tangu ujumbe ukome, kila jioni, saa ile ile, anaacha michezo yake anakwenda kukaa mbele ya kabati la vyombo. Hasemi kitu. Anakaa. Giza likiingia anabebwa kwenda kulala, anapiga mateke. "Mimi nilidhani hageuki kwa kuwa hasikii," bibi alisema. "Kumbe anajua unakaa humo. Sasa mbona humsemeshi? Umekasirika?"

Mama Kifurushi aliegemea ukuta. Mashine ilimtikisa mgongo.

"Mama, nakuomba kitu. Usimwekee tena sauti yangu. Zile za zamani zifute. Hadi nirudi mwenyewe."

"Una wazimu?"

"Anamwita mtu asiyekuwepo. Nimeona inaishia wapi."

Akamsimulia, kwa kifupi, bila kujipamba wala kujilaani: stoo, panya, mto, kidole cha mtoto wa watu, alfajiri. Bibi alisikiliza bila kukatiza hata mara moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu amzae.

"Pole, mwanangu," alisema mwishowe. "Pole sana. Lakini mtoto si fisi."

"Najua."

"Hujui. Fisi ulimtaka akusahau. Huyu ukimsahaulisha, utarudi kumsalimia nani?" Hakusubiri jibu. "Yuko hapa. Nampa."

"Mama, usi—"

Lakini simu ilikwisha kuwekwa ukingoni mwa kabati, alisikia ikigonga ubao. Kisha pumzi. Pumzi ndogo, za puani, za mtoto mwenye mafua kidogo. Miezi yote hii aliitamani pumzi hiyo. Sasa ilikuwa sikioni mwake, na maneno yake yote yalikuwa yametumika.

Njoo, alitaka kusema. Hakuthubutu. Angekuja. Hiyo ndiyo shida, angekuja, na mbele yake kungekuwa na ubao.

"Umekula?" aliuliza.

Pumzi zikasimama. Kisha akasikia, karibu sana na simu, kucha ndogo zikikwaruza mlango wa kabati.